Nafasi ya Shemeji

Ile filamu ya askari wanane wanaokwenda darajani, siku hizi hakuna asiyeijua. Watoto wameigeuza mchezo, watu wazima wanaitolea machozi, na walimu wa sinema huko vyuoni wanaikatakata vipande na kuieleza mpaka utamu wote unaisha. Ila kuna mahali pamoja bado wanabishana. Karibu na mwisho, askari wanapolikaribia daraja, mwendo wao una pengo. Buti, buti, buti, kisha kimya kidogo, kisha buti tena. Wapo wanaoapa kwamba nakala yao ni mbovu. Bwana mmoja alisimama katikati ya onyesho akadai arudishiwe hela ya tiketi. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, nami nimechoka kuona watu wazima wakijikwaa humo.

Kwanza mjue kwamba miguu ile si ya wale waigizaji. Walitembea, ndiyo, wakala vumbi, wakalalamikia malengelenge, lakini siku za kupiga picha upepo ulikuwa mkali na jenereta linanguruma, na kishindo walichotoa kisingemwamsha hata paka. Miguu yote unayoisikia ni ya mwanamke mmoja, mfupi, anayevaa kiatu cha mtoto wa shule. Pale studio walimwita Vishindo.

Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, kuta zimepigwa magodoro chakavu ili sauti isirudi. Sakafuni kulikuwa na masanduku ya mbao yasiyo na vifuniko: moja la kokoto, moja la mchanga, moja la magazeti yaliyoloweshwa, ambayo ukiyakanyaga yanalia kama tope kuliko tope lenyewe. Mbele yake skrini. Vishindo anajifunga mkanda wenye chupa ya maji ya bati, anaingiza miguu kwenye buti la kiume lililojazwa matambara, anamtazama askari mmoja kwenye skrini, na anatembea palepale alipo mpaka askari afike anakokwenda. Kisha anavua, anavaa buti la mwingine, anaanza upya. Kila mtu alitembezwa peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, halafu fundi mitambo anazilaza sauti zao moja juu ya nyingine mpaka wanakuwa kikosi.

Huyo fundi mitambo alikaa upande wa pili wa kioo. Walimwita Masikio, kwa sababu hedifoni hazikumtoka kichwani. Mkewe alisema hata siku ya harusi alimvua kwa kumbembeleza.

"Hiyo maikrofoni iko karibu mno na sanduku," Vishindo alimwambia siku ya kwanza. "Acha shemeji hapo."

"Niache nani?"

"Shemeji. Nafasi." Akacheka mwenyewe. "Samahani, kaka, ni maneno ya nyumbani kwetu."

Na ya nyumbani kwao yalikuwa hivi. Baba yake alikuwa askari zamani, koplo. Si wa vifaru, si wa ndege; askari wa miguu. Alirudi vitani mzima, kwa macho ya watu, isipokuwa jambo moja: akitembea, upande wake wa kushoto aliacha nafasi ya mtu. Barabara iwe pana au nyembamba, mvua inyeshe, yeye na nafasi yake. Vishindo alipokuwa mdogo na kuukimbilia mkono wa kushoto, baba alimhamishia kulia, taratibu, bila neno. Mama yake, mwanamke asiyekosa utani, mwanzoni alisema ameolewa mitala bila kuambiwa. Baadaye utani ukabadilika. "Koplo, msogezee shemeji, mlango ni mwembamba." "Mwanangu, usikae hapo, pa shemeji hapo." Mtoto akakua akijua kwamba shemeji ni ile nafasi tupu iliyo kando ya mtu. Mwalimu alipouliza darasani shemeji ni nani, yeye akanyoosha kidole wa kwanza na kujibu hivyohivyo, na darasa zima likalala juu ya madawati kwa kicheko. Alirudi nyumbani analia. Mama alimfuta kamasi, akamwambia, "Wala hujakosea sana."

Basi. Hakuna aliyemweleza zaidi. Mama aliondoka duniani na siri yake, na baba hakuwa mtu wa kuulizwa. Wakitokea askari kwenye televisheni, wa kweli au wa kuigiza, alinyanyuka na kwenda kuosha vikombe. Hakununa, hakugomba, aliosha tu. Vikombe vya nyumba ile vilikuwa visafi kuliko vya hospitali.

Ndiyo maana Vishindo alipopewa filamu ile aliipokea kwa mikono miwili. Filamu ya vita isiyo na jenerali hata mmoja, isiyo na bendera. Watu wanane tu wanatembea, wanaona njaa, wanatukanana, wanagawana sigara. Alitaka kitu kimoja kutoka kwayo. Alitaka baba yake akae kwenye kiti na kuisikiliza mpaka mwisho. Kusikiliza, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika, akiona vivuli tu. Tangu mama afariki walikuwa wanaishi pamoja, na mazungumzo yao yalikuwa dawa ya macho, maji ya bombani na balbu iliyoungua. Alimpenda mzee wake na alikuwa hamjui. Aliogopa kwamba siku moja atamzika mtu mgeni.

"Baba, kutakuwa na onyesho la wafanyakazi na familia zao," alimwambia.

"Onyesho la nini?"

"Filamu yetu. Askari wa miguu."

"Vita nimeshaiona, mwanangu," alisema baba. "Tena bila tiketi." Akainuka, akapapasa meza, akakusanya vikombe.

Kazi ikaendelea. Vishindo alimtafutia kila askari mwendo wake. Sajenti alikanyaga kama anayeidai ardhi. Mpishi aliburuta kisigino. Mdogo wa wote, ambaye kwenye filamu wanamwita Kijiko kwa sababu ya kijiko alichokichomeka kwenye soksi, alikuwa na mwendo mwepesi wa kurukaruka, na Vishindo alimpenda, akaanza naye. Alimtembeza Kijiko safari nzima, kisha akawatembeza wale saba wengine huku anamsikia Kijiko kwenye hedifoni, kila mmoja akishika mahali pake kati ya hatua zake. Ilikuwa kazi nzuri. Aliifanya akiwa amefumba macho nusu ya wakati, miguu ikijiendea yenyewe.

Masikio alipozilaza sauti zote pamoja, akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akabonyeza kitufe cha kuongea naye.

"Dada, Kijiko anakufa wapi?"

"Pale kwenye kalvati."

"Basi maiti wako amefufuka. Anatembea mpaka darajani."

Vishindo akaduwaa, kisha akashika mdomo. Ni kweli. Kijiko anapigwa risasi kwenye kalvati, anaachwa hapo, wanabaki saba, na yeye alikuwa amemtembeza marehemu njia yote iliyobaki bila kushtuka. Walicheka mpaka Masikio akavua hedifoni kufuta machozi. Mwongozaji aliyeingia kuuliza kulikoni naye akacheka. Alikuwa kijana mpole, mwenye kufunga skafu hata joto likiwaka, asiyepandisha sauti.

"Mtoeni tu," alisema.

Wakamtoa Kijiko. Na hapo ndipo likatokea. Kwa kuwa wale saba walitembezwa kumzunguka yeye, alipoondoka mahali pake palibaki wazi. Buti, buti, buti, kimya, buti. Kila baada ya hatua chache, shimo.

Mwongozaji akasikiliza, akakunja uso. "Hapana. Watu watadhani mtambo umekwama. Dada, watembeze upya hawa saba, wabane kidogo. Ziba pengo."

"Sawa," alisema Vishindo. Kazi ni kazi.

Nyumbani baba alikuwa na beseni tayari. Jioni zote za kazi ile alimpashia maji, akayatia chumvi, akamshika miguu mmoja baada ya mwingine na kumsugua nyayo kwa dole gumba. Hakuuliza malengelenge yametoka wapi. Askari wa miguu anajua miguu, hata asipoona.

"Hili limepasuka," alisema. "Kesho vaa soksi mbili."

"Kesho narudia kila kitu, baba. Kuna mmoja tumemtoa, sasa mwendo una shimo, na mwongozaji kaniambia nizibe pengo."

Vidole vya baba vikasimama ndani ya maji.

"Kasemaje?"

"Niwabane waliobaki."

"Hapana. Kasema neno gani?"

"Ziba pengo."

Baba aliendelea kuushika mguu wa binti yake kama mtu aliyesahau ameshika nini. Vishindo alitazama mlango wa jikoni, akingoja ainuke. Vikombe vilikuwa pale. Baba hakuinuka.

"Msibani watu husema pengo lake halitazibika," alisema. "Umeshawasikia. Sisi tulikuwa tunaliziba mtu hajapoa."

Vishindo hakuthubutu hata kutikisa maji.

"Tulikwenda wawili wawili. Yeye kushoto, mimi kulia. Alikuwa na mdomo, yule! Anaongea mchana, anaongea usingizini. Siku ile alikuwa ananieleza habari za mbuzi wa bibi yake, mbuzi aliyekula kofia ya mjumbe. Hakumaliza. Ikalia risasi moja tu, wala hayakuwa mapigano, akakaa chini kama mtu aliyechoka. Sajenti akapiga kelele, zibeni pengo! Nikahamia kushoto. Wa nyuma akachukua pangu. Hatua iliyofuata ilikuwa yake, mwanangu, alikuwa ameshaanza kuinua mguu, nikaikanyaga mimi."

"Uligeuka?"

"Sikugeuka. Amri ni amri." Akaanza tena kusugua, polepole. "Lakini nikasema moyoni, nikifika nyumbani, amri hiyo siitii tena. Na sijaitii."

Vishindo alikuwa analia bila sauti, na kwa kuwa baba hakuona, aliacha machozi yajiendee.

"Mama alijua?"

"Mwaka wa kwanza, aliposema nina mke mwingine, nikamwambia. Alilia kuliko mimi. Kesho yake tunatoka mlangoni, nikamsikia, 'Za asubuhi, shemeji?' Akaendelea na safari yake ya sokoni kama kawaida. Mwanamke yule!" Baba akatabasamu. "Alinisaidia kubeba."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza saa ngapi, baba? Ulikuwa unaosha vikombe."

Baba akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani. Akachukua taulo begani, akaufunika mguu.

"Umeshaliziba?"

"Bado."

"Basi nitakuja nisikie. Ila nikitoka katikati, usinifuate."

Asubuhi Vishindo alimkuta mwongozaji mapema, kabla hajavua koti. Hakumweleza habari za baba yake. Hazikuwa zake za kugawa. Alimwambia tu aliache pengo lilivyo.

"Dada, mimi nakuheshimu sana," alisema mwongozaji. "Lakini picha inaonyesha watu saba wanatembea. Sikio likisikia shimo linauliza kuna nini."

"Liulize. Kijiko ametoka punde tu kwenye picha, watu wamekwisha kumsahau kabla hawajafika darajani. Hilo shimo ndiye yeye."

Mwongozaji alizungusha ncha ya skafu kidoleni. Wakakubaliana hivi: siku ya onyesho la wafanyakazi filamu itaonyeshwa na pengo lake. Watu wakiguna, wakicheka, wakigeuka kumtazama Masikio kwamba mtambo umeharibika, basi kesho yake Vishindo atavaa buti na kuliziba bila ubishi. Wakapeana mikono. Vishindo akarudia mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akitembea kando ya Kijiko. Alimpa mwendo wa baba yake: hatua iliyonyooka, inayojibana upande wake, isiyoegemea kushoto hata kidogo.

Siku ya onyesho baba alivaa koti lake la harusini na la misa za wafu, lile lile. Ukumbi wa studio ulikuwa mdogo, sakafu ya mbao, viti vya kukunja. Vishindo alimkalisha, akaketi kulia kwake. Mke wa Masikio akaja na mkoba wake, akainamia kiti cha kushoto.

"Pana mtu hapa?"

"Pana mtu, dada," alisema Vishindo, upesi, kabla baba hajafungua mdomo. "Samahani."

Baba akamgeukia. Akampapasa mkono, akaubonyeza mara moja, akauacha.

Taa zikazimwa. Vishindo hakuitazama filamu, alimtazama baba. Sajenti alipoanza kukanyaga, mzee aliinua kidevu. Mpishi alipoburuta kisigino, akanong'ona, "Huyo buti linambana." Kijiko alipoingia na mwendo wake wa kurukaruka, akashika magoti yake mwenyewe, na tangu hapo hakuyaachia. Vishindo aliona vidole vikikaza kadiri kalvati lilivyokaribia. Alitaka kumwambia kinachokuja, alitaka kumtoa mwenyewe. Akakumbuka kwamba kaambiwa asimfuate, na asiyefuata hatangulii pia.

Risasi ikalia. Moja tu.

Baba akasimama.

Basi, Vishindo alijisemea, anaondoka, na hatutalizungumza tena maisha. Alijishika kwenye kiti kwa mikono miwili asinyanyuke. Nyuma mtu alisema "mzee, kaa," mwingine akamwambia nyamaza wewe. Baba hakwenda popote. Alisimama wima, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali, uso umeelekea kwenye mwanga asiouona.

Kwenye skrini wale saba wakaondoka kalvatini. Buti, buti, buti. Kimya. Buti, buti, buti. Kimya. Ukumbini mtu akakohoa. Kiti kikalia. Vishindo akasikia wazi watu wanaanza kujiuliza, kwa namna watu wanavyojikunakuna.

Buti, buti, buti.

Na pale penye kimya, kiatu cha baba kikatua kwenye sakafu ya mbao. Si kwa nguvu. Mguu wa kushoto, mara moja, kisha akangoja. Buti, buti, buti, na kiatu chake. Buti, buti, buti, na kiatu chake. Hakukosea hata mara moja, na hakuharakisha. Kila hatua aliiacha ifike yenyewe ndipo aikanyage, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima zamani. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegeuka kumtazama Masikio, na Masikio mwenyewe huko nyuma alikuwa amevua hedifoni, zimemning'inia shingoni. Wakavuka daraja hivyo, wote wanane.

Taa zilipowaka baba alikuwa ameketi, anatafuta leso kwenye mfuko usio wa leso. Mwongozaji akaja, akachuchumaa mbele yake, skafu imemlegea.

"Shikamoo, mzee. Lile pengo..."

"Marahaba. Liko sawa, mwanangu," alisema baba. "Usiliguse."

Na halijaguswa mpaka leo.

Walirudi kwa miguu, kwa kuwa baba alitaka. Jua lilikuwa bado lipo, watu wanatoka makazini, njia ya waenda kwa miguu imejaa. Vishindo alikuwa kulia kwa baba yake, amemshika kiwiko, na kila aliyekuja mbele alilazimika kupita mbali upande wa kushoto, wengine wakisonya. Wasonye tu.

"Baba," alisema, "yule shemeji alikuwa mtu wa namna gani?"

Baba akatikisa kichwa. "Shemeji ni wa mama yako. Wewe umekuwa mtu mzima, sema vizuri. Nilimzidi miezi michache tu, lakini mdogo ni mdogo. Kwako ni baba mdogo."

Vishindo akakaa na neno hilo hatua kadhaa. Alikuwa na mvi sasa, na huyo baba mdogo hakuwahi kufika umri wa kuota ndevu za maana. Akainama kidogo, akachungulia kupita kifuani mwa baba yake, upande ule ambako maisha yake yote hakuruhusiwa kutembea.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema.

Walipita duka la viatu, wakapita fundi wa redio aliyekuwa anafunga mlango. Kisha baba akaitikia, kwa niaba ya mwenzake.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."